Mfuate Sisimizi Mpaka Kwake

Masomo yangu ya sisimizi yalianzia shambani Unguja, kabla sijashika pampu ya dawa. Baba alikuwa na minazi, na mwiko wake mkubwa ulikuwa mmoja: mtu asibomoe kiota cha maji ya moto. Wale wekundu wanaoshona majani kwa uzi wa mabuu wao walituuma tulipokwea, lakini mnazi wenye maji ya moto ulizaa, na usio nao ulipukutisha vidaka. Baadaye nilisoma kwamba mtaalamu wa Kiingereza, M. J. Way, alilichunguza jambo hilohilo Zanzibar miaka ya 1950. Yuko mdudu anayefyonza nazi changa, na maji ya moto ndiye anayemfukuza. Mdudu huyo amepewa jina la kitaalamu Pseudotheraptus wayi kwa ajili ya mtafiti huyo. Niliingia katika kazi ya kuua wadudu nikijua tayari kwamba sisimizi haendi mahali bila sababu.

Maskati, Oman, nilifika katikati ya miaka ya 1980, mji ukiwa unajengwa usiku na mchana. Watu wetu wengi wenye asili ya Omani walikuwa wamekwisha kurejea kutoka Zanzibar na bara baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970. Kampuni moja ya kupuliza dawa ilimtaka mtu mwenye Kiarabu cha kutosha na Kiswahili cha kuzungumza na wazee. Nikapewa pampu ya mgongoni, glavu na tochi. Utaratibu ulikuwa mwepesi: ingia jikoni, puliza pembe zote, pokea sahihi, nenda nyumba nyingine. Mwezi ukiisha unarudi palepale, na sisimizi wapo.

Mimi nikaanza kukaa nao chini na kuwatazama kabla ya kugusa kitu. Wale unaowaona juu ya meza ni watafutaji tu, sehemu ndogo ya kundi. Malkia, mayai na mabuu wako kwingine, na hakuna dawa ya kupuliza inayowafikia huko. Tena kuna aina zenye malkia wengi, kama yule mdogo wa rangi ya asali anayeitwa sisimizi wa Farao, na yule mwenye kichwa cheusi na tumbo jeupe linalokaribia kupenyeza nuru. Hawa ukiwapulizia, kundi hugawanyika. Kila fungu huondoka na malkia wake na mabuu wake, likafungua kiota kipya ukutani. Ulikuwa na kiota kimoja, sasa unavyo vitatu.

Nyumba iliyonionyesha haya yote kwa pamoja ilikuwa mtaa wa Al Hail. Mwenyewe alikuwa bibi mzaliwa wa Unguja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hawa chungu nshachoka nao. Kila Ijumaa mjukuu wangu anapuliza, kila Jumamosi wanatokea pengine. Sasa wamo mpaka chumbani kwangu."

Nilimwomba asipulize tena, na asifute kitu mpaka nirudi usiku. Nikaweka juu ya vipande vya karatasi tone la maji ya sukari na chembe ya samaki wa kopo, kimoja jikoni, kimoja chumbani, kimoja bafuni. Walikimbilia sukari, samaki wakamwacha. Hilo lilinieleza chambo kitakuwa cha namna gani. Kisha nikawafuata waliokuwa wanarudi, si wale wanaokuja. Sisimizi anayerudi ameshiba, anakwenda moja kwa moja kwake, tumbo limevimba na linang'aa kwenye tochi. Walipita nyuma ya swichi, wakateremka kwenye ufa wa fremu ya dirisha, wakatoka nje.

Nje palikuwa na kiyoyozi. Bomba lake lilidondosha maji mchana kutwa juu ya kigae cha ukumbi, na chini ya kigae hicho udongo ulikuwa baridi na umelowa. Kando yake mdimu, tawi moja limelalia ukuta. Nilipogeuza majani nikakuta vidukari wamejipanga kwenye mishipa, na sisimizi wanapita kati yao wakiwagusa kwa vipapasio ili watoe utamu. Nikainua kigae. Chini yake kulikuwa na mabuu weupe kama punje za ufuta, na malkia zaidi ya mmoja.

Hapo ndipo Maskati inapotofautiana na kwetu. Joto la Juni linapita nyuzi 40, ardhi imekauka, na kiumbe mdogo anatafuta maji kabla ya sukari. Sisi tumeyapeleka maji hayo mpaka kwenye kuta zetu: matone ya viyoyozi, matangi ya paani yanayovuja, bustani zinazomwagiliwa kila siku. Jikoni ni mahali pa kula tu. Makazi yako kwenye unyevu.

Kazi ya nyumba ile haikutumia pampu. Tulilikata tawi, tukawaosha vidukari kwa maji ya sabuni, tukalipeleka bomba la kiyoyozi mbali na ukuta. Nikaweka chambo: kwa kila lita ya maji, gramu 100 za sukari na gramu 10 za asidi ya boriki, katika vizibo vidogo njiani mwao, mbali na mikono ya watoto. Ukizidisha boriki, watafutaji wanafia njiani. Ikiwa kidogo, wanaibeba tumboni mpaka kiotani na kuwalisha wenzao mdomo kwa mdomo, hata malkia. Siku za mwanzo wanajaa kwenye kizibo, na mwenye nyumba anashikwa na hofu. Waacheni wanywe. Wanapokwisha ndipo unapofuta njia yao kwa sabuni na kuziba ufa, kwa sababu harufu waliyoiacha ndiyo inayowaita wengine.

Baada ya kimbunga Gonu, Juni 2007, maji ya mabonde yalipoingia mtaa wa Qurum, nyumba ambazo hazikuwahi kuniita ziliniita. Viota vya ardhini vilikuwa vimepanda kutafuta pakavu. Niliwaambia wenyewe wakaushe kuta kwanza.

Yupo mmoja ambaye simfanyii subira: samsamu, mweusi mwembamba mwenye mwiba, anayekaa kwenye udongo wa bustani uliolowa na nyufa za vigae. Madaktari wa Saudia na Falme za Kiarabu wameandika habari za watu waliopata mzio mkali kwa kuchomwa naye, na wengine wakafa. Ukimwona karibu na watoto, ita mtu wa kazi siku hiyohiyo, na aliyechomwa akibanwa na pumzi akimbizwe hospitali.

Wateja wengi huniuliza kama ni dhambi, maana Sura ya 27 ya Qur'ani imebeba jina la sisimizi. Mimi huwajibu kama nilivyofundishwa: anayekudhuru unamwondoa, na asiyekudhuru unamwacha. Kumnyima maji na njia ya kuingia ni kumwondoa bila kuijaza nyumba sumu, na sumu hiyo huvutwa kwanza na mtoto anayetambaa sakafuni.

Basi, msomaji, kopo la dawa liweke chini. Kaa usiku na tochi, mfuate anayerudi na si anayekuja, mpaka umwone anapoingia. Tafuta maji yake, kata tawi lake, kisha weka chambo na uwe na subira. Fundi akija nyumbani kwako akaanza kupuliza kabla hajauliza wanatoka wapi, mlipe nauli yake na umwambie aende.