Gemu Isiyo ya Linux: Uinunue au Uiache?

Je, unaweza kununua kiatu ambacho fundi wake amekwambia wazi kwamba hakukishona kwa ajili ya mguu wako? Bila shaka utacheka. Lakini hilo, kwa maneno mengine, ndilo swali aliloniuliza mpwa wangu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga, nilipomtembelea dada yangu huko kwenye nchi ya chai.

Kijana huyo alikuwa na akiba aliyoipata kwa kuchuma chai wakati wa likizo. Alitaka kununua gemu ya kompyuta. Taabu ni kwamba kipakatalishi chake, alichokinunua kikiwa kimekwisha tumiwa na mwingine, kinaendeshwa na Linux, na gemu aliyoitamani iliundwa kwa Windows pekee. "Mjomba," akaniambia, "nikiinunua si nitakuwa nimewalipa watu wasionijali?"

Huenda ukasema hayo ni mambo ya watoto. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyeinama shambani tangu alfajiri, kikapu mgongoni na umande ukimlowesha hadi magotini, ana haki ya kujua shilingi yake inakwenda kumjenga nani.

Kwa msomaji ambaye hajakutana nayo, Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Huilipii hata senti. Wengi huingilia kwa mlango wa Ubuntu, iliyotolewa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo wengi wetu hatuhitaji kamusi kulielewa. Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 mnamo Oktoba 2025, kompyuta nyingi kuukuu hazikuweza kuibeba Windows 11. Kwa mwenye mashine ya aina hiyo, Linux si maringo. Ni njia ya kuiokoa isitupwe.

Gemu, hata hivyo, ziliupa mfumo huu kisogo kwa miaka mingi. Kampuni moja ya Marekani, Loki Software, ilianza mwaka 1998 kuzigeuza gemu za Windows ziwe za Linux. Kufikia mwaka 2002 ilikuwa imefunga milango. Wapo mashabiki wa Linux ambao hadi leo msimamo wao ni mmoja: asiyetuundia gemu yetu, asione pesa zetu.

Hoja yao ina uzito, na wala sitaki kuibeza. Mnamo 1992 kampuni ya IBM ilitoa OS/2 toleo la pili, mfumo uliosifiwa kwa kuendesha programu za Windows vizuri. Basi waandishi wa programu wakajiuliza, ya nini kuandika mara mbili? Wakaandika za Windows tu, na mwishoni mwa 2006 IBM ikaacha kabisa kuihudumia OS/2. Mgeni akishajua kwamba mkalimani yupo kila siku, ataanza lini kujifunza lugha yako?

Na mkalimani wa Linux yupo. Kazi ya programu iitwayo Wine ilianza mwaka 1993, na juu ya msingi huo kampuni ya Valve, wenye duka la Steam, ikajenga Proton na kuitoa Agosti 2018. Gemu inazungumza Kiwindows, Proton inatafsiri papo hapo, na Linux inatii. Mwaka 2022 Valve ikaanza kuuza Steam Deck, mashine ya kuchezea mkononi inayoendeshwa na Linux, na nyingi ya gemu zinazochezwa humo ni hizo hizo za Windows.

Nilimjibu mpwa wangu kwa jambo analolijua vizuri: mizani ya kituo cha kununulia majani. Mkulima akifikisha majani yake, yanapimwa na kilo zinaandikwa kwa namba yake. Yaliyobaki nyumbani, hata yawe mazuri namna gani, karani hayajui. Valve ilieleza mwaka 2018 kwamba mauzo huhesabiwa kwa mfumo ambao mnunuzi ameuchezea zaidi katika wiki mbili za kwanza. Kwa hiyo anayenunua gemu ya Windows na kuichezea kwenye Linux amepanda mizani kama mtu wa Linux. Anayesusa hajulikani hata kama yupo. Na yule anayeinunua kisha akakimbilia kompyuta ya rafiki yenye Windows, kilo zake zimeandikwa kwa namba ya jirani!

Isitoshe, tunamsusia nani? Kiro'o Games ya Yaoundé, nchini Kamerun, ilitoa gemu yake Aurion mwaka 2016 kwa ajili ya Windows. Kwa kampuni changa ya Kiafrika, kutengeneza toleo la pili ni gharama kubwa. Kuwanyima pesa Wakameruni hao ili kuwaadhibu matajiri wa Marekani ni kumpiga asiyekukosea.

Ila usinunue kila kitu. Gemu za kushindana kwenye intaneti huwekewa walinzi wa kukamata wadanganyifu, na walinzi wengine hawamtaki mtu wa Linux. Apex Legends ilikuwa ikichezeka kwa Proton, lakini mwishoni mwa Oktoba 2024 wenyewe wakaufunga mlango huo. Rocket League ilikuwa hata na toleo lake la Linux, na likaondolewa Machi 2020. Ikiwa gemu inategemea mtandao wa mwenyewe, mimi ningeweka pesa mfukoni. Ningefanya vivyo hivyo kwa gemu inayotangazwa kwamba "itafanya kazi karibuni". Lipia inayocheza leo.

Kuhusu kujaribu, Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na kama hujaicheza kwa saa 2. Uliza kwanza waliotangulia kwenye mashine kama yako, kwa sababu gemu nyingine ni gigabaiti makumi. Gemu ukiirudisha, dola zako zitarudi. Pesa za data ulizoipakulia hazirudi.