Masaa matatu yaliyonitoa jasho

Niwieni radhi, nimekuwa kimya. Wikendi ya mwisho ya Oktoba 2024 klabu yetu ya redio za ridhaa iliingia shindano la CQ World Wide, saa 48 mfululizo. Ukimpata mtu hewani mnapeana ripoti ya usikivu, "59", na namba ya kanda; Kenya ni 37. Programu ya kuorodhesha mawasiliano niliiandika mimi. Jumapili alfajiri mzee mmoja akauliza: "Kijana, hii ni saa ya wapi?"

Kumbe ilikuwa ya Nairobi! Sheria inataka UTC, masaa matatu nyuma. Waamuzi hulinganisha orodha yako na ya uliyezungumza naye. Saa zikipishana, pointi zimekwenda, na wenzangu sauti zilishawakauka.

Nilirekebisha kwa mstari mmoja tu. Mzee akanimiminia chai, hakusema kitu. Jamani, tangu siku hiyo kila programu yangu huhifadhi UTC.