Safari Yangu ya Kilwa Kutafuta Sarafu

Wengi huandika katika magazeti habari za ng'ombe wao, mahindi yao na watoto wao walio shuleni, nami huzisoma kwa furaha. Leo naomba nafasi nieleze habari za jambo ambalo watu wengine huliona kuwa mchezo wa watoto, yaani kukusanya sarafu za zamani na za nchi nyingine. Mimi ni karani, na fedha nyingi nizionazo kazini si zangu. Labda ndiyo sababu nimezipenda hizi ambazo haziwezi kununua hata kiberiti.

Katika mji wetu wa Nakuru sisi wakusanyaji tu watu saba. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi hukutana nyumbani kwa Mwalimu, mzee aliyestaafu, tukanywa chai na kuonyeshana tulivyopata. Sheria yetu ni moja tu: mtu haruhusiwi kuweka sarafu mezani asipoweza kusimulia safari iliyomfikisha katika nchi ya sarafu hiyo. Iliyoletwa kwa posta haihesabiwi. Kwa hiyo mikutano yetu ni mikutano ya wasafiri hasa, na sarafu ni kama muhuri wa kuthibitisha kwamba msimulizi hasemi uongo.

Mmoja wetu ni dereva wa lori aliyefika Kigali, Bujumbura na Lubumbashi. Yeye ana sarafu ya Katanga ya mwaka 1961, yenye picha ya ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Katanga ilijitenga na Kongo mwaka 1960, ikarudishwa mwaka 1963. Nchi imekwisha, sarafu ingalipo. Mwingine ni mama aliyekuwa muuguzi katika mji wa Muscat, Oman. Yeye ana baisa, ambazo elfu moja ndizo riali moja ya huko. Alitueleza kwamba baisa na pesa yetu ni ndugu, kwa maana maneno yote mawili yalitoka katika neno la Kihindi, paisa. Tena alisema kwamba huko alikutana na wazee waliozungumza naye Kiswahili safi kuliko chetu cha Nakuru, hata akaona haya kujibu.

Mimi nilianza kwa urithi. Nyanya yangu alikuwa na uzi uliotungwa ndururu na senti kumi za zamani, zile zenye tundu katikati. Alipofariki, wajukuu wengine walipata mbuzi, mimi nikapata uzi. Siku moja Mwalimu alizitazama moja moja kwa miwani yake, akashtuka. Moja ilikuwa na jina la Mfalme Edward wa Nane, mwaka 1936. Mfalme huyo alitawala tangu Januari hata Desemba ya mwaka huo, kisha akakiacha kiti. Huko kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikupata kutolewa kwa matumizi ya watu. Lakini senti zetu zenye tundu hazikuwa na nafasi ya sura, zilitaka jina tu, nalo lilikuwa limekwisha kupigwa chapa. Basi nyanya yangu, asiyejua kusoma, alinunua chumvi kwa sarafu ya mfalme ambayo raia wake wa London hawakuipata.

Lakini urithi si safari, na wenzangu hawakuacha kunikumbusha. Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya Mombasa, nayo ilinitia aibu. Katika Mji wa Kale mchuuzi mmoja alinionyesha riale kubwa ya fedha, yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780. Nikaona nimepata kitu cha zaidi ya miaka mia mbili, nikatoa karibu nusu ya mshahara wangu. Niliporudi, Mwalimu alicheka hata machozi yakamtoka. Kumbe riale zote za namna hiyo zina mwaka 1780, mwaka aliofariki Malkia huyo! Wafanya biashara wa Uhabeshi, Arabuni na pwani yetu waliizoea sana sura ile hata hawakukubali nyingine, na kwa hiyo iliendelea kupigwa Vienna, London, Bombay na kwingineko, miaka mingi baada ya kufa kwake. Mchuuzi hakuniambia uongo wowote. Aliniacha nijidanganye mwenyewe.

Afadhali nilipata pia pesa moja ya shaba ya mwaka 1888, ya Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala Mombasa wakati huo, yenye picha ya mizani. Pesa za Sayyid Barghash wa Unguja, zilizotangulia kwa miaka michache, zilikuwa na mizani vile vile. Nadhani mizani ilikuwa ahadi kwa mnunuzi kwamba hataibiwa. Ningaliikumbuka ahadi hiyo mbele ya riale, ningalirudi na nauli ya kutosha.

Basi, ili kuifuta aibu hiyo, nilijisifu mbele ya wenzangu wote kwamba nitakwenda Kilwa Kisiwani, na nitarudi na sarafu ya masultani wa Kilwa. Neno likitoka kinywani halirudi.

Nilipopata livu yangu nilipanda basi hata Mombasa, kisha Lunga Lunga, nikavuka mpaka. Bendera ilibadilika, lugha haikubadilika. Nilipobadilisha fedha zangu nilipewa miongoni mwake shilingi mia mbili ya Tanzania, yenye sura ya Sheikh Abeid Amani Karume. Sarafu zetu mpya za Kenya, zilizoanza kutolewa Desemba 2018, zina wanyama tu, twiga, kifaru, simba na ndovu, kwa sababu Katiba ya mwaka 2010 imekataza sura ya mtu ye yote. Nikakumbuka kwamba kabla ya mwaka 1966, nchi zetu zilipoanza kila moja kutoa fedha yake, mtu aliweza kutoka Kisumu hata Mtwara na shilingi ile ile yenye simba.

Tanga na Dar es Salaam nilisikia watu wakisema "hela" kila mahali. Neno hilo ni ukumbusho wa Wajerumani, ambao tangu mwaka 1904 walitumia heller mia moja kwa rupia moja. Walipozingirwa katika vita ya kwanza, wasiweze kuletewa fedha kutoka kwao, walipiga sarafu zao wenyewe Tabora mwaka 1916, hata za dhahabu zenye picha ya tembo. Utawala wao ulikwisha, na neno lao limebaki sokoni.

Kutoka Dar es Salaam gari lilielekea kusini. Tulivuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Abiria mmoja mzee aliniambia kwamba zamani walikuwa wakingoja kivuko hata usiku uwakute ukingoni, wakala chakula chao chote cha safari. Jioni tulipita Nangurukuru, tukafika Kilwa Masoko. Asubuhi nilipata kibali cha Mambo ya Kale, nikapewa kiongozi, tukavuka kwa mashua ya tanga. Mkondo wenyewe si mpana, lakini mtu wa Bonde la Ufa akiwa ndani ya mashua huuona mpana.

Ndugu wasomaji, mawe yale yamenishinda kueleza. Msikiti Mkuu ungali na safu za nguzo na kuba zake, na ukisimama ndani unasikia nyayo zako zikikufuata. Tulipanda hata Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya jabali na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye birika la pembe nane linalotazama bahari. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 wakati wa sultani huyo, akaandika kwamba watu walimwita kwa jina la ukarimu wake. Alisimulia kwamba maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizozivaa mwilini, naye akaingia ndani, akazivua, akampa.

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba, ndogo kama ukucha. Upande mmoja huwa na jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtumainia Mungu, na pande hizo mbili zimeandikwa kwa vina, kama mashairi. Mwaka haumo. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa watu wa Kilwa, na sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana mbali sana barani, katika magofu ya Great Zimbabwe. Tena mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa, pamoja na nne za Kiholanzi, katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Namna zilivyofika huko wataalamu wanabishana hata leo.

Sasa nifikie jambo lenyewe. Tuliporudi pwani, kiongozi alitangulia kwenda kuzungumza na nahodha. Nilikuwa nimeketi chini ya mti, akaja kijana wa miaka kama kumi na mitatu, amevaa kaptula ya shule.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na kisahani cha shaba, cha kijani kwa kutu, na juu yake herufi za Kiarabu. Alisema ameiokota kando ya ukuta uliobomolewa na maji, baada ya mvua. Alitaka shilingi elfu kumi za Tanzania, apate kununua madaftari na viatu.

Niliishika. Mkono wangu ulitetemeka, sifichi. Kiongozi alikuwa mbali. Mfukoni nilikuwa na elfu kumi. Niliwaona wenzangu sita wa Nakuru, na Mwalimu akivaa miwani yake. Nikajiambia, "Usipoinunua wewe, kesho atakuja mwingine na kuinunua. Afadhali ikae kwa mtu aipendaye." Maneno hayo yalikuwa matamu sana, na utamu wake ndio ulionitia shaka.

Maana nilijua kwamba Tanzania ina sheria ya mambo ya kale tangu mwaka 1964, na kitu kama kile hakichukuliwi nje ya nchi bila kibali. Lakini zaidi ya sheria, nilikumbuka kazi yangu. Karani akipewa barua iliyotolewa katika faili lake, isiyo na tarehe, hawezi kujua ilijibu nini wala ilijibiwa nini. Ni karatasi tu. Sarafu ya Kilwa haina mwaka. Mwaka wake umo katika ardhi iliyoifunika, na katika vigae na shanga zilizolala karibu nayo. Ile ya Great Zimbabwe inatufundisha kwa sababu mahali ilipotoka panajulikana. Mimi ningeipeleka Nakuru, ningeisugua, ningeitia katika kikopo, nayo ingenyamaza milele.

Nikamrudishia. Uso wake ulianguka, na hilo ndilo lililonichoma. Nikamwuliza, "Unaweza kutuonyesha mahali penyewe ulipoiokota?" Akasema anaweza. Nikamwita kiongozi, tukaenda wote watatu. Kiongozi hakumgombeza; alimshukuru, akaitia sarafu katika karatasi, akasema itapelekwa ofisini na kuandikwa daftarini pamoja na mahali pake. Kijana akauliza, "Na jina langu litaandikwa?" Kiongozi akamwambia kwamba litaandikwa yeye mwenyewe akiliona. Hapo akatabasamu kidogo.

Kabla ya kuondoka nilimpa elfu kumi, nikasema ni ujira wa kutuongoza hata ukutani. Njiani mashuani nilijiuliza kama huo haukuwa ununuzi uliovaa nguo nyingine, na kama kesho hatakwenda kuchimba ukuta ili apate ujira tena. Nilikuwa nimemwonya asichimbe kamwe. Zaidi ya hapo sikujua la kufanya, na hata leo sina hakika kwamba nilitenda sawasawa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilikwenda mkutanoni mikono mitupu, nikasimulia yote. Dereva wa lori hakukubali. Alisema, "Bwana, umeacha bahati mkononi mwa mtoto!" Yule mama muuguzi alinitetea, na ubishi uliendelea hata chai ikapoa. Mwishowe Mwalimu alilifungua daftari letu. Mahali pa kuandika sarafu aliandika "hakuna", na mahali pa kuandika safari alijaza ukurasa mzima. Kisha akasema kwamba tangu chama kianze hajaujaza ukurasa mzima kwa sababu ya mtu mmoja.

Ndugu zangu wakulima, ninyi ndio mnaofungua ardhi kila mwaka. Jembe likitoa sarafu, shanga au kigae cha zamani, tafadhali msikisugue kwa majivu wala kwa ndimu, kwa maana maandishi hutoka pamoja na kutu. Kifungeni katika karatasi, andikeni tarehe na mahali hasa kilipotoka, kisha mpeleke habari kwa watu wa Makumbusho. Sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2006 inawataka wavumbuao vitu kama hivyo watoe habari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na ninyi makarani wenzangu, mkipata livu msiimalize yote kitandani. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mimi niliokota, nikaacha pale pale, na bado sijaona hasara.