Walikuja Watatu Kuomba Kazi ya Kumtembeza Mbwa, Mmoja Akanihoji Mimi

Wadau, kuna staa mmoja wa mjini hapa, jina naliweka kapuni. Kila wikiendi anatupia picha yupo ufukweni na mbwa wake, nywele zinapepea, maneno matamu chini yake. Sasa nenda mtaani kwake ukaulize. Yule mbwa anajulikana na wauza vitumbua wote kwa sababu ya kijana mmoja mwembamba anayepita naye kila alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe. Huyo kijana hayupo kwenye picha hata moja.

Simsemi staa vibaya, kazi zinabana. Mimi mwenyewe nakaa Mikocheni, ofisi iko Posta, natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kukimbia foleni, narudi saa mbili usiku nimechoka kama nimebeba zege. Mbwa wangu ni chotara wa German Shepherd, ana miaka miwili, kilo 30 na kitu. Mbwa wa aina hiyo asipotembea anachimba maua, anatafuna ndala za wageni na kubweka usiku mpaka jirani anakutumia meseji ndefu isiyo na salamu. Hakuna ukaidi hapo, ni nguvu tu zimekosa pa kwenda.

Basi nikatafuta mtu wa kumtembeza. Kuna watu wangu walinicheka: "Yaani unamlipa mtu atembee na mbwa?" Ndiyo, namlipa. Na kabla ya kumlipa namfanyia usaili, kwa sababu namkabidhi mnyama mwenye meno katikati ya mji uliojaa watoto, bodaboda na watu wanaoogopa mbwa. Na wana sababu ya kuogopa. Hapa kwetu mbwa wengi wanafugwa kwa ulinzi, getini kumeandikwa "MBWA MKALI". Mtu aliyekua akikimbizwa na mbwa wa jirani usimtegemee atabasamu akimwona wa kwako.

Walikuja watatu, Jumamosi moja, kila mmoja na saa yake.

Wa kwanza alikuwa kijana wa kisasa, viatu vyeupe, Instagram yake imejaa mbwa wa watu. Kafika, kabla hajauliza jina la mbwa tayari kamera iko juu. Nikamuuliza, "Ukiwa naye njiani simu inakaa wapi?" Akacheka, "Mkononi, dada, si lazima nikutumie video?" Nikamwambia video sihitaji, nahitaji mikono miwili. Paka mmoja akikatiza barabara na wewe unatafuta mwanga mzuri, mbwa ameshafika Mwenge. Tuliagana kwa amani.

Wa pili alikuwa mtu mzima, tumwite Mzee wa Kazi. Aliwahi kufanya kazi na mbwa wa ulinzi, na kweli alikuwa na mkono. Alimshika kamba, akamvuta mara moja kwa nguvu, mbwa akakaa chini kimya. Mlinzi wetu akapiga makofi. Mimi nikaangalia mkia: umeingia katikati ya miguu. Masikio yamelala, mbwa analamba midomo na hana chakula mbele yake. Hizo ni dalili za hofu. Mzee akaniambia, "Mbwa lazima akuogope, binti yangu." Nikamjibu kwa heshima zote, "Shikamoo mzee wangu, nimekuelewa, ila huyu anatakiwa aniamini." Mbwa anayetii kwa hofu ana hatari yake: siku akibanwa kona, anauma bila hata kuonya.

Wa tatu alitoka Mwananyamala, kijana wa miaka ishirini na kidogo, mkononi ana mfuko wa plastiki. Hakumkimbilia mbwa. Alisimama pembeni, ubavu ubavu, akamwacha anuse viatu vyake. Nikamkaribisha kiti, nikafungua daftari langu la maswali. Kabla sijauliza la kwanza akasema, "Samahani dada, naomba kwanza nione kadi yake ya chanjo."

Nikampa. Akaisoma tarehe kwa tarehe. "Kichaa cha mbwa amechanjwa mwaka huu. Sawa." Halafu akaendelea: ameshawahi kumuuma mtu? Anafanyaje akiona mbwa koko? Anaogopa nini, radi, pikipiki? Anakula saa ngapi, maana hatamtembeza akiwa ametoka kushiba. Akapitisha vidole viwili kati ya mkanda na shingo ya mbwa, akasema umelegea kidogo, akirudi nyuma kwa nguvu kichwa kinatoka. Nilikuwa nimekaa pale na kalamu yangu kama mimi ndiye naomba kazi.

Kisha likaja swali ambalo sikuwa nalo kwenye daftari. "Dada, akimng'ata mtu nikiwa naye mimi, nani anagharamia sindano?"

Hapo nikanyamaza kidogo. Kichaa cha mbwa si mchezo, dalili zikishaanza kwa binadamu ni nadra sana mtu kupona. Ndiyo maana aliyeng'atwa anatakiwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa amechanjwa. Na sindano si moja. Kijana anayelipwa kwa siku hawezi kubeba gharama hizo, na mtaani wakikasirika, atakayepigwa ni yule aliyeshika kamba. Mwenye mbwa yupo ofisini kwenye kiyoyozi. Tukakubaliana: gharama ni zangu, na namba yangu anayo muda wote. Tuliandika kwenye karatasi, kila mtu na nakala yake.

La mwisho alilisema taratibu, macho chini. "Mimi ni Muislamu. Nitakuja na nguo za kazi, naomba tu sehemu ya bomba nijisafishe na kubadilisha kabla ya kuondoka. Nikitoka hapa napitia msikitini." Ndiyo ule mfuko ulikuwa na nini: bukta, fulana na kipande cha sabuni. Kwenye madhehebu ya wengi wetu hapa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, kuosha ni mara saba na mojawapo kwa udongo. Nikamuuliza kwa nini basi anataka kazi hii. Akasema, "Najisi inaoshwa, dada. Njaa haioshwi." Halafu akaongeza kwamba kumtendea mnyama wema nako kuna thawabu, na mbwa naye ni kiumbe. Nilimwonyesha bomba la nyuma na stoo ya kubadilishia. Haikunigharimu chochote.

Sikumpa kazi palepale. Alifanya siku tatu za majaribio, za kulipwa, maana majaribio ya bure ni dhuluma yenye jina zuri. Siku ya kwanza tulitembea wote. Aliweka mgongo wa kiganja kwenye lami, akahesabu mpaka saba. Kama mkono wako hauvumilii, nyayo za mbwa nazo haziwezi. Ndiyo maana tulipanga saa kumi na mbili asubuhi, jua la Dar halijakolea, kwa sababu mbwa hatoki jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Tulipokutana na watoto wa shule wakaanza kupiga kelele, hakuwaambia ile sentensi yetu ya kivivu, "Hang'ati huyu." Alivuka upande wa pili wa barabara, akafupisha kamba, akasimama mpaka wapite.

Kwenye hela mimi nilisema elfu 5 kwa safari moja. Akaomba 6, akanipigia hesabu ya nauli na sabuni. Nikatoa 6.

Kwa hiyo kama unatafuta mtu, maswali yako andaa, ni muhimu. Uliza simu inakaa wapi, angalia mkia wa mbwa, tembeeni pamoja kwanza. Ila sikiliza zaidi yeye anakuuliza nini. Asiyeuliza kitu ameshika kamba tu. Anayekuhoji mpaka ujikune kichwa ameshaanza kufikiria siku ambayo mambo yataharibika, na siku hiyo wewe hutakuwepo.

Mbwa wangu siku hizi halali mpaka ahakikishe amenusa geti. Ikifika saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mlinzi anasema, ameshakaa hapo anasubiri mfuko wa plastiki utokee kwenye kona.