Brashi ya singa za nguruwe: ipe muda ikuzoee

Wanaume wenzangu, hebu tuambiane ukweli. Shati tunalipiga pasi, viatu vinang'aa, ila kidevu tunakikumbuka dakika tano kabla ya kutoka nyumbani. Wembe wa kutupa, povu la kopo, kwaruza kwaruza, maji ya baridi, umemaliza. Halafu unashangaa shingo imejaa vipele, na bibie ukimsogelea anakugeuzia shavu la mbali.

Mimi ni wa kundi hilo la vipele. Na wewe kama nywele zako ni za kipilipili, unajua ninachosema. Ndevu zetu zinajikunja. Ukizikata chini kabisa, ncha inabaki kali kama mkuki, inaota kwa kujipinda na kurudi ndani ya ngozi. Mwili unaiona kama mwiba, ngozi inavimba, kipele hicho. Unanyoa juu ya kipele, damu inatoka, doa jeusi linabaki. Kwenye mikutano ya ofisini nilikuwa nafunga kifungo cha juu cha shati hata siku ya joto la Dar, ili shingo isionekane.

Mwaka jana rafiki yangu aliyekuwa anasoma Bologna, Italia, akaniletea zawadi: brashi ya kunyolea ya Omega, kampuni iliyoanza mwaka 1931 na ambayo makao yake ni huko huko Bologna. Brashi za kunyolea ziko za aina tatu kuu. Kuna za manyoya ya mnyama wa Ulaya na Asia anayefanana kidogo na nyegere wetu, hizo bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Kuna za nyuzi za plastiki. Na kuna za singa za nguruwe, ngumu, za bei nafuu, zilizotumiwa na vinyozi wa Italia vizazi na vizazi. Yangu ilikuwa hiyo ya mwisho.

Usicheke. Najua neno nguruwe kwako linakuja na ndizi za kukaanga na pilipili pembeni. Kwangu lilikuja na kikao cha familia.

Kwanza mwambie mwenzako

Mke wangu ni Mwislamu wa Tanga, mimi ni Mkristo wa Moshi. Tulifunga ndoa bomani, kila mtu akabaki na dini yake, na tangu siku hiyo tuna sheria moja: hakuna kinachoingia ndani kwa kificho. Kwa hiyo kabla sijafungua boksi nikamwambia imetengenezwa kwa nini.

"Ati singa za nguruwe? Zikae bafuni ninapochukulia udhu?"

"Ndo maana nauliza kwanza, mke wangu."

Akanyamaza muda mrefu. Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafi, na huko nguruwe ni najisi nzito, singa zake zikiwemo. Haitoki kwa kusuuza tu. Kwa hiyo hakuwa analeta madeko. Alikuwa ananiuliza kama ibada yake ina nafasi katika nyumba yetu au inavumiliwa tu.

Nikamwambia naweza kuigawa, nitafute ya plastiki. Akasema hapana, zawadi ni zawadi, ila ana masharti. Brashi isiingie bafuni. Itundikwe kwenye karo la nje, iwe na bakuli lake na taulo lake. Nikimaliza, uso na mikono vioshwe kama anavyonielekeza yeye, si ninavyotaka mimi. "Na mama akija?" akauliza. Nikamwambia mama mkwe akija, itaingia kwenye boksi na boksi litaingia kwenye gari. Akacheka. Tukawa tumeelewana.

Nakuambia haya kwa sababu si kila brashi imeandikwa imetoka kwa mnyama gani. Kama nyumba yako ina Mwislamu, uliza dukani kabla ya kununua, halafu useme nyumbani kabla ya kutumia. Na kama jibu la mwenzako ni hapana, ya plastiki inatoa povu zuri tu, haihitaji kulowekwa na inakauka haraka. Ndoa haivunjwi kwa ajili ya povu.

Wiki za kwanza: harufu, michomo na povu linaloyeyuka

Sasa tuje kwenye brashi yenyewe. Ukiilowesha mara ya kwanza, itanuka. Ni harufu ya mnyama aliyenyeshewa, hakuna namna ya kuipamba. Ioshe kwa shampuu, isuuze, iache ikauke, rudia. Kwangu baada ya wiki hivi ilikuwa imekwisha.

Itadondosha singa chache pia, usipaniki. Zinazodondoka mwanzoni ni zile ambazo hazikushikwa vizuri na gundi. Ikiendelea kunyonyoka mwezi mzima, hiyo ni mbovu.

Povu nalo litakuchosha. Singa za nguruwe hunywa maji, na brashi mpya inakunywesha kiu yake yote wewe. Unapata povu zito kwenye bakuli, ukifika shavu la pili limeyeyuka. Dawa yake ni kuiloweka kwenye maji ya uvuguvugu dakika mbili tatu kabla hujaanza. Maji yasiwe ya moto wa chai, yataharibu singa na gundi. Halafu ikung'ute kidogo, izungushe kwenye sabuni muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha, ongeza maji tone kwa tone.

Kubwa kuliko yote, inachoma. Singa mpya zina ncha ngumu. Kama vipele vyako vimeiva, usianze nayo wiki hiyo, subiri ngozi itulie. Mimi nilikuwa naipaka kama fundi anayepaka rangi ukuta, juu na chini taratibu, bila kuikandamiza na bila kuizungusha kwenye shingo.

Hesabu minyoo, usihesabu siku

Uzuri wa singa hizi ni kwamba ncha zake huchanika kadiri unavyozitumia. Singa moja inakuwa na vincha viwili vitatu vyembamba, na ndo hapo ulaini unapoanzia. Katikati inabaki ngumu, nchani inakuwa laini. Lakini haitokei kwenye kabati. Yangu ilianza kulegea baada ya kunyoa kama mara ishirini. Anayenyoa kila siku anafika huko kwa wiki tatu. Mimi nanyoa mara mbili kwa wiki, kwa hiyo ilinichukua zaidi ya miezi miwili. Ukitaka kuharakisha, jioni tengeneza povu kiganjani bila kunyoa, kisha isuuze.

Ikitoka kwenye maji, isuuze hadi yawe meupe, ikung'ute, itundike penye hewa. Kwa unyevu wa mji kama Dar, ukiifungia kwenye begi ikiwa mbichi utakuta ukungu.

Je, vipele viliondoka?

Brashi haitibu vipele, na atakayekuuzia kwa maneno hayo anakudanganya. Kilichobadilika kwangu ni mwendo. Huwezi kuloweka brashi, kutengeneza povu na kupaka uso mzima ndani ya dakika tano. Ndevu zinapata muda wa kulowa na kulainika, na mkono unatulia. Sasa nanyoa kufuata ndevu zinakoelekea, sivuti ngozi, sikandamizi wembe, na sitafuti kidevu cha mtoto mchanga. Kuacha ndevu zionekane kidogo sana ndiko kunakoizuia ncha isirudi ndani. Vipele vimepungua sana, havijaisha. Madoa ya zamani bado yapo. Kama vyako vinatoa usaha au vinaacha makovu yaliyovimba, nenda kwa daktari wa ngozi. Brashi itakusubiri.

Faida nyingine sikuitegemea. Jumamosi asubuhi nikiwa pale kwenye karo la nje, mke wangu huja na kigoda chake na chai, anakaa hatua mbili kutoka kwenye bakuli, na tunaongea. Mambo ya kodi, mambo ya kwao, mambo ambayo katikati ya wiki hayana nafasi. Siku moja, mwezi wa tatu, nilipokwisha kuosha uso kwa utaratibu wake, akanipitishia mkono kidevuni, akasema, "Leo ndo mume wangu."

Kwa hiyo kama unapanga kuhama kutoka povu la kopo, nunua ukijua unachonunua, mwambie mwenzako, na usiitupe wiki ya pili. Ipe mara ishirini. Ikikukataa baada ya hapo, utakuwa umejaribu kweli.