Kivuli cha Muembe Njiani Marabo

Juma hili tutembee kidogo. Ukitoka Bunia kwa njia ya Komanda, barabara ya kitaifa nambari 27, baada ya karibu kilometa 40 unafika Marabo, katika eneo la Irumu. Jua likiwa kali, kila mtu anatafuta muembe. Chini yake mama anatandaza mihogo yake ya kuuza, mwenye pikipiki anapumzika, wazee wanakata maneno, na watoto wanangoja embe lianguke.

Muembe asili yake ni Asia, upande wa Uhindi. Hapa kwetu ulipandwa na mikono ya watu, na wengi wao hawakukaa katika kivuli chake. Sisi tunakikalia, na tunakikata. Tangu vita vya 1999 watu wamekimbia mara nyingi, na mwenye njaa anachoma makala. Hatumlaumu. Lakini gunia la makala linauzwa mara moja tu. Muembe unalisha watoto miaka mingi.

Basi tupande. Ukila embe tamu, usitupe kokwa. Lisafishe, fungua ganda gumu kwa kisu polepole, toa mbegu iliyo ndani uipande upesi, maana ikikauka haioti. Mche ukifika urefu wa goti, uhamishe mvua inapoanza. Chimba shimo la sentimeta 60, changanya udongo wa juu na mbolea ya mbuzi iliyooza. Chagua mahali penye jua, pasipotuama maji. Acha meta 10 kutoka nyumbani, kwa sababu mti huu unakuwa mkubwa sana.

Desemba mpaka Februari, wakati wa kiangazi, umwagilie maji miaka miwili ya kwanza. Funika udongo kwa nyasi kavu, zisiguse shina. Zungushia uzio, mbuzi asiumalize.

Mche wa mbegu unazaa baada ya miaka 5 hadi 8. Ule wa kuunganishwa, miaka 3 hadi 5. Huku kwetu juu, mvua na baridi zinaweza kuharibu maua, kwa hiyo mwaka mwingine matunda yatapungua. Kivuli hakipungui.

Kila kikundi kipande hata miche mitano karibu na soko, shule au kituo cha afya, na kila mche uwe na mama wa kuuchunga. Mtoto anayeingia darasa la kwanza leo ataonja maembe yake karibu na kumaliza shule ya msingi.