Miaka miwili, halafu?

Jamani, kuna hii "miaka miwili" inayotajwa kila kijiwe hapa Dar. Ukiishi na mwanamke miaka miwili basi ni mkeo, na watoto wako salama. Nimeisikia kwa kinyozi, kwenye daladala, hata chumba cha habari kwa watu wenye digrii zao.

Ipo kweli. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawatambua kama mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana. Itachukuliwa tu! Dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani. Baba akigundulika ana ndoa ya kanisani kwingine, haivunjwa, imeanguka.

Rafiki yangu mmoja yalimkuta. Baba yake alifariki, na kabla ya arobaini baba zake wadogo wakaitisha kikao cha ukoo. Mama akaambiwa hana cheti cha ndoa, kwa hiyo achukue watoto "warudi kwao". Kwao wapi, wakati wamezaliwa na kukulia nyumba hiyohiyo? Ila wazee hawakuitoa hewani hoja yao. Kanuni za mila zilizotangazwa 1963 zinamweka mtoto wa nje ya ndoa upande wa mama.

Kinachonikera ni kwamba mtoto anaulizwa kama wazazi wake walioana, jambo asilokuwa na uwezo nalo. Aulizwe baba yake ni nani. Hapo Sheria ya Mtoto ya 2009 iko mbele kuliko vijiwe vyetu: jina la mzazi kwenye rejista ya vizazi, baba kumkubali mtoto hadharani, sherehe ya kimila aliyoifanya, au kipimo cha DNA, vyote ni ushahidi. (Wenzangu mnaoishi kinyumba, na najua ni wengi, RITA mmeshafika?)

Rafiki yangu alikuwa na cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba. Mahakamani hawakumsumbua sana. Mdogo wake wa kike, baba mmoja mama mmoja, alizaliwa nyumbani na cheti hakikufuatiliwa. Ikabidi waitwe mashahidi: jirani, mwalimu wake, mwenye duka aliyekuwa akimkopesha marehemu maziwa ya mtoto. Binti alikuwa na miaka tisa. Alikaa kwenye benchi la nyuma na sare zake za shule, akisikiliza watu wazima wakibishana kama yule alikuwa baba yake.